Uso wa Dirishani

Wakili wa utetezi alikuwa mtu wa sauti ya chini, na hilo ndilo lililomponza fundi cherehani. Angefokewa angejibu, maana kufoka alishafundishwa na wateja wanaotaka nguo ya harusi ndani ya siku mbili. Huyu alimuuliza kwa upole, kama anayeulizia hali ya watoto: je, kabla ya kumgusa mshtakiwa bega kwenye gwaride la utambulisho, alikuwa amemwona mahali popote tangu mumewe alipouawa dukani?

Jibu alikuwa nalo. Kaka yake alimpa asubuhi hiyo koridoni, huku akimwekea sawa kola ya gauni.

"Sema hapana, mdogo wangu. Neno moja tu, tumalize."

Kaka huyo ndiye aliyekuwa mpelelezi wa kesi. Tumbo moja, ziwa moja. Siku ya mazishi aliapa mbele ya watu kwamba hatatulia mpaka aliyemuua shemeji yake apatikane, na fundi akashusha pumzi. Wenzake huhangaika na polisi wasiowajua, yeye alikuwa na wa kwake wa damu. Bahati iliyoje, jamani!

Siku ya gwaride, kaka alimpitisha uani mwa kituo, akamsimamisha kwenye dirisha la chumba cha nyuma. Ndani, kijana mwenye shati la bluu alikuwa akipuliza chai kwenye kikombe cha bati. Kaka akamnong'oneza kuwa ndiye huyo, ameshakiri, anamwonyesha tu asije akababaika mbele ya watu. Baadaye wanaume walipopangwa mstari, fundi alikwenda moja kwa moja kwa lile shati. Alimshukuru sana kaka yake, tena alimshonea na suruali.

Sasa, kizimbani, alifumba macho ili aseme hapana kwa moyo mmoja. Akaurudia usiku ule: taa ya duka, mlango ukisukumwa, mumewe akigeuka. Akamtafuta aliyesukuma mlango. Uso ukaja, nao ulikuwa unapuliza chai.

Akajaribu tena, chai. Akajaribu tena, chai ile ile. Uso wa usiku ule aliuona kwa macho yake, lakini ulikuwa umefunikwa na huu aliopewa dirishani, na hakujua tena kama ni mmoja au ni wa watu wawili.

"Nilimwona," alisema. "Nilionyeshwa dirishani, kabla ya gwaride."

Jaji akaacha kuandika. Wakili akauliza ni nani aliyemwonyesha, na fundi akamwelekezea kidevu kaka yake.

Mchana kaka aliitwa tena kizimbani. Alikula kiapo, akasema bila kupepesa macho kwamba dada yake hayuko sawa tangu afiwe. Huota mambo, akasema, na familia nzima inajua. Fundi alisikiliza kila neno. Alimwonea aibu, kisha akamchukia. Wala jaji hakudanganyika. Aliutupa ule utambulisho, na kwa kuwa upande wa mashtaka haukuwa na kingine cha kushika, kijana aliachiwa.

Fundi alimkuta kaka yake kwenye ngazi za nje, kofia mkononi. Akamwuliza jambo moja tu.

"Alikiri kweli?"

Kaka akageuzageuza ile kofia.

"Wakubwa walikuwa wamenikalia kooni," akasema. "Hatukuwa na mwingine."

Ng'ambo ya barabara kijana alikuwa akitembea polepole, mama yake amemshika mkono kama mtoto mdogo. Fundi akasimama akiwatazama, asijue kama awakimbilie amkabe yule kijana koo, au ampigie magoti.