Matanga ya Mshika Mkia

Kila Jumapili alasiri, kwenye uwanja wa vumbi ulio nyuma ya karakana za Gerezani, wanaume wazima wenye wake na maduka hukutana kushindanisha magari ambayo trafiki angeyakamata hata yakiwa yamesimama. Njia yenyewe ni matairi mabovu yaliyopangwa duara. Zawadi ni beberu. Na mshika mkia, tangu mashindano yaanze, alikuwa Rogath.

Rogath alikuwa Mchaga wa Rombo, Mangi kwa watani wake, muuza spea, mnene wa haja, mwenye mke mmoja na Starlet moja. Hiyo Starlet aliiunda kwa mikono yake, mlango wa gari hili, boneti ya gari lile, hata ukiulizwa rangi yake ilibidi uulize upande gani. Hakuwahi kushinda, wala hakuwahi kuumia roho. Alikuwa akimaliza wa mwisho anashuka, anapangusa vumbi usoni, anakunywa soda yake, kisha anarudi nyumbani Mtaa wa Mchikichi akiimba nyimbo za kanisani. Wiki nzima alikuwa mtu wa kaunta. Jumapili alikuwa dereva. Raha nyingine hakuwa nayo na hakuitafuta.

Duka la Elisaria, muuza matairi, lilitazamana na lake. Elisaria ni Mpare wa Usangi, na Wapare na Wachaga ni watani, kwa hiyo matusi yao ndiyo salamu yao. Kila Jumatatu Elisaria alimuuliza kutoka ng'ambo ya barabara kama jana amefika au bado yuko njiani. Rogath alimjibu kwamba mtu wa kabila linalouza ng'ombe ili kushinda kesi ya kuku hana la kumfundisha mwenzake kuhusu haraka. Wakishacheka walikunywa chai. Utani hauna hasira, na anayekasirika ndiye mwenye kosa.

Mambo yaliharibika siku Mwinyimvua, mwenye mashindano, alipoanza kurekodi na kurusha mtandaoni. Mwinyimvua ni mzaliwa wa Kariakoo, hana ubaya na mtu, alitaka watazamaji tu. Akawapata. Jumapili hiyo mpagazi mmoja alikuwa anakatiza uwanjani na mkokoteni wa viazi, akapita pembeni ya kona aliyokuwa akikata Rogath, na bila kukusudia akampita. Mkokoteni, magunia, mpagazi na ndala zake, wote wakampita. Kufika Jumatatu mchana, nchi ilikuwa imeshaona.

Maoni yakamiminika. Mmoja aliuliza kama huyu anashindana au anamsindikiza bibi harusi. Mwingine alimwomba mpagazi apunguze mwendo, asimtie mzee presha. Mtu mwenye akili angezima simu. Lakini Rogath alikuwa mfanyabiashara wa Kariakoo na Gerezani, na huko mtu akikusemesha humwachi bila jibu, hata akiitukana bei yako unamwita bosi. Basi akawajibu wote, mmoja mmoja, kwa kidole kimoja: "Asante bosi wangu kwa maoni. Karibu dukani, tunazo spea za Toyota za aina zote." Kila jibu likazaa matusi kumi, na yale kumi nayo akayajibu.

Baya zaidi, wengine walifika dukani kweli. Kijana mmoja alikuja kutoka Mbagala, akamcheka usoni, akapiga naye picha, akanunua plagi. Rogath alimpunguzia bei.

Watu walimwambia kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Ni methali nzuri, ila aliyeitunga hakumuuliza ng'ombe. Rogath alisoma maoni kaunta, akayasoma mezani, akayasoma kanisani ndani ya kitabu cha nyimbo. Mkewe Blandina aliificha simu kwenye ndoo ya unga. Kesho yake Rogath alifungua duka akiwa na sikio moja jeupe.

Ndipo likaja lile moja. Halikuwa hata na tusi. Mtu asiye na jina wala picha aliandika: "Kioo cha nyuma cha nini? Nyuma yake kuna nani?"

Rogath alilisoma amesimama. Akachukua bisibisi, akaenda kwenye Starlet, akafungua kile kioo, akakitia kwenye droo ya kaunta. Akafunga duka saa za wateja, akaenda nyumbani, akalala akiutazama ukuta. Alimwambia Blandina kwamba hataendesha tena, Jumapili hii wala nyingine yoyote, na atafutwe mtu wa kuinunua Starlet kama chuma chakavu.

Blandina aliingiwa na hofu. Miaka yote alikuwa amelalamikia vumbi linaloletwa nyumbani kila Jumapili, na sasa alitamani aje mtu amletee hata kopo moja. Alimpikia mumewe machalari, hakula. Alimpikia mtori, akageuza uso. Mwisho akamwita Elisaria.

Elisaria aliingia chumbani, akamtukana mtani wake matusi yote aliyokuwa nayo na mengine akayatunga palepale. Ukuta ndio uliosikiliza. Kisha Elisaria akafanya lile jambo ambalo kila Mtanzania analijua kwa maneno na hakuna aliyewahi kuliona likifanyika. Inasemwa kwamba Mchaga akifa, usiharakishe kuzika. Angusha kwanza sarafu karibu na sikio lake, maana kama kuna uhai hata wa kuazima, atafungua jicho. Elisaria akatoa sarafu mfukoni, akaiangusha. Ikalia sakafuni, ikazunguka, ikaingia uvunguni. Rogath hakutikisika.

Elisaria akatokea sebuleni, rangi imemwisha. "Shemeji, pole sana," alimwambia Blandina. "Mangi hatunaye."

Blandina alimwambia anamwona mumewe anapumua. Elisaria akasema kupumua si hoja, sarafu imeshasema, na hapa mwenye kazi ni mtani. Na kweli kwa desturi, msibani mtani ndiye mkubwa, hakuna wa kumpinga. Kufikia alasiri turubai lilikuwa limefungwa mbele ya nyumba, viti vya kukodi vimepangwa, na nusu ya Gerezani imekaa chini yake. Wasiojua walilia kwanza ndipo wakauliza. Waliojua walikaa kwa sababu Blandina, akiwa amekasirika, alikuwa ameshabandika sufuria kubwa. Mgeni akishakaa utamfanyaje?

Rogath akiwa kitandani alisikia yote kupitia dirishani. Alisikia akisifiwa kwa bei nzuri za brekipedi. Alisikia Mwinyimvua akitoa pole na kusema kwa sauti ya kukatika kwamba mashindano bila mshika mkia si mashindano, maana kila mtu sasa anaogopa kuwa yeye. Kisha alisikia kicheko kikubwa cha akina mama, na hicho alikielewa. Elisaria alikuwa amevaa ovaroli na helmeti za Rogath na anatembea kama yeye. Ndiyo kazi ya mtani: huvaa nguo za marehemu, humwigiza waliobaki wacheke, waweze kula. Rogath alijifunika shuka mpaka kichwani.

Jumapili, Elisaria akatangaza kwamba atamalizia alichoacha marehemu. Akaingia kwenye Starlet ndani ya helmeti ile ile, kwa hiyo aliyekuwa akitazama kwenye simu alidhani ni Rogath. Elisaria anauza matairi, lakini kuendesha gari aliendesha mara chache, na mara zote hizo alikuwa akielekea mbele. Filimbi ilipolia, aliondoka kwa rivasi. Akagonga rundo la matairi aliyoyauza mwenyewe. Alipopata gia akaenda mbele, ila alizunguka kinyume, akapishana na magari yote na kuyapigia honi kwa heshima. Beberu alikata kamba akakimbilia relini.

Kesho yake asubuhi Elisaria alikuja Mtaa wa Mchikichi bila kupiga hodi. Macho yalikuwa mekundu na simu iko mkononi. Akaketi ukingoni mwa kitanda cha marehemu.

"Wamenitukana," alisema.

Rogath, akiwa bado ameugeukia ukuta, akasema neno lake la kwanza tangu matanga yaanze. "Wamenitukana mimi. Helmeti ni yangu."

"Lakini niliyekuwa ndani ni mimi."

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Huyu ndiye Elisaria ambaye ulimi wake uliogopwa kutoka Gerezani mpaka Magogoni, na sasa alikaa pale ameshika simu kama mtoto aliyeumwa na nyuki. Hakuwa amelala. Alitaka kuwajibu, hakujua amjibu nani. Akasema hawa si watani, maana mtani ukimrudishia anacheka na kukumiminia chai, hawa ukiwarudishia wanaitana. Akaanza kumsomea Rogath kile kilichomuuma zaidi, mtu mmoja aliyeandika kwamba mzee aliyepitwa na mkokoteni amezidi, sasa ameanza hata kuondoka kwa rivasi na kuzunguka kinyume.

Rogath akaketi.

"Ameandika kwamba nani ameondoka kwa rivasi?"

"Wewe."

"Mimi?" Shuka ikaanguka. "Mimi nimezunguka kinyume? Mpare, mimi ni wa mwisho, sikatai. Lakini ni wa mwisho anayejua njia."

Alishusha miguu, akaita uji, akaita ovaroli yake. Hasira ile haikuwa ya kutukanwa. Alikuwa ameigizwa vibaya mbele ya watu, na hilo hakuweza kulivumilia. Elisaria alimwomba radhi. Rogath hakumsikiliza. Alikuwa amepiga magoti, mkono wote uvunguni mwa kitanda, anapapasa. Alipoinuka alikuwa ameshika sarafu.

Elisaria akaitazama ile sarafu. "Kumbe ulisikia."

"Nilisikia. Ya mia mbili. Nilikuwa nangoja matanga yaishe."

Turubai likafunguliwa siku hiyo hiyo, ingawa wako waliolalamika kwamba wamekatishwa kula. Blandina alizima simu ya mumewe na Rogath hakuidai. Droo ya kaunta ikafunguliwa, kioo kikarudi mahali pake kwa skrubu mpya.

Jumapili iliyofuata Rogath alikuwa mstarini, na pembeni yake alikuwa Elisaria kwenye kirikuu cha kubebea matairi. Alisema amekuja kusafisha jina. Jina lipi, hakuna aliyemuuliza. Mwinyimvua alikuwa ameshainua simu yake na watazamaji walikuwa wengi kuliko siku zote, wakimngoja mzee wa rivasi.

Magari yakaondoka. Wenye haraka wakapotelea mbele kwenye vumbi, na hapo Rogath hakuona jipya. Jipya aliliona alipoinua macho kwenye kioo. Kulikuwa na mtu. Kirikuu kilikuwa nyuma yake, kinapiga chafya, na ndani yake Elisaria ameng'ang'ania usukani, ulimi nje, jasho linamtiririka. Rogath alikitazama kile kioo kuliko alivyoitazama njia. Tangu azaliwe hakuwahi kumwacha mtu nyuma, na moyo wake ukajaa hata akataka kuimba.

Mzunguko wa mwisho waliingia hivyo hivyo. Rogath aliuona utepe, akaiona na simu ya Mwinyimvua imeelekezwa kwao. Akatazama kioo tena. Alimwona mtani wake, na akajua usiku wa leo utakuwaje kwa huyu akifika wa mwisho, atakavyosoma, na atakavyosoma tena. Yeye alikuwa ameshapita huko na alikuwa amerudi.

Akaondoa mguu kwenye mafuta.

Kirikuu kikamfikia kwenye kona ile ile ya mkokoteni, kikampita taratibu. Elisaria alitoa kichwa dirishani, uso wote meno. "Mangi," alisema, "ukifika kesho utusalimie!"

Rogath alicheka mpaka usukani ukatetemeka. Alijaribu kumjibu lile la ng'ombe na kuku, sauti haikutoka. Alipovuka utepe bado alikuwa anacheka, na kwenye kioo nyuma yake hakukuwa na mtu.