Chupa ya Tisa

Corinne alikuwa amefika nusu ya kreti, akikata ncha za maharage machanga. Kila Alhamisi ya kiangazi shamba la akina Hauge liliwagawia wanachama wake mavuno, uwe na nafasi jikoni ama usiwe nayo. Leo zilikuja nyanya, zukini nane, kabichi, na maharage, tena maharage.

"Hawa watu wanatulisha au wanatukomoa?" Lowell, mumewe, akauliza.

"Kaa ukate, acha maneno."

Akakaa. Chini ya kabichi akakuta karatasi ya mapishi ambayo shamba huituma, akaanza kuisoma kivivu. Sauti yake ikabadilika. "Cory, yale maharage ya wiki iliyopita uliyapika kwenye sufuria ya presha?"

"Niliyafunga kwenye chupa, nikazichemsha kama za nyanya. Masaa matatu."

"Hapa wanasema hayafanywi kama nyanya, hayana uchachu wa kutosha. Chupa ikishafungwa yanaweza kuota sumu. Haina harufu wala ladha."

Corinne akaweka kisu chini. Alijaza chupa tisa. Kwenye rafu zilikuwa nane. Ya tisa alimpelekea jirani yao, Bibi Ardis, jana jioni.

Simu ya bibi ikaita mpaka ikakatika. Ilikuwa inakaribia saa sita, saa yake ya chakula. Corinne akakatiza mbio katikati ya mahindi, majani yakimchana mikono.

Alimkuta Ardis jikoni, bekoni ikikaangika, chupa iko wazi mezani, uma mkononi.

"Usile!"

"Ndivyo mnavyobisha hodi siku hizi?"

Corinne akamweleza huku akihema. Ardis akacheka. "Mama yangu alichemsha hivyohivyo miaka yote. Umeniona nimekufa?"

"Bibi, weka uma chini."

"Unanipa zawadi halafu unaninyang'anya!"

Corinne pia alifundishwa na mama wa namna hiyohiyo. Akazima jiko, akasimama kati ya mzee na meza. Ardis akamtazama mikono, ilivyochanwa na mahindi, na kicheko kikamwishia.

"Nimeonja mawili," akasema polepole. "Palepale kwenye chupa. Nilitaka kujua kama umetia chumvi."

Muuguzi wa hospitali aliyepokea simu ya Corinne hakupoteza maneno: aletwe sasa hivi, na chupa ije naye, na njiani waangalie kama anaanza kuona vitu viwiliviwili, maana sumu huanzia machoni.

Lowell akaleta gari. Ardis akapanda na aproni yake, akilalamika kwamba bekoni itaganda. Corinne alikaa naye nyuma, chupa imefunikwa mapajani.

"Bibi, pale mbele unaona nguzo ngapi?"

"Moja. Na wewe nakuona mmoja, nashukuru. Wawili mngenimaliza kwa kelele."

Kila baada ya nguzo kadhaa Corinne aliuliza tena. Ardis alijibu, sasa bila mzaha, na mkono wake ukautafuta wa Corinne.

Hospitalini daktari akawaambia ni mapema mno kusema lolote. Angelala pale, waangalie macho yake na pumzi yake mpaka kesho, pengine zaidi.

Corinne akavuta kiti karibu na kitanda. "Nenda nyumbani," akamwambia mumewe. "Zile nane usiziguse. Kreti ifunike kwa kitambaa chenye unyevu."

"Na maharage yaliyobaki?"

"Kesho, Lowell." Akamgeukia mzee. "Bibi, vidole vingapi?"