Bwana Kelele Apishe

Usiku wa jana niliota nafanya mtihani wa Nadharia za Mawasiliano, na msimamizi wa mtihani alikuwa redio.

Haikuwa redio ya maana. Ilikuwa ile ya kwetu nyumbani, ya mbao, ambayo antena yake ilivunjika na baba akachomeka uma wa kulia chakula. Imevaa joho, imekaa juu ya meza, na kila ikitaka kutukazia macho inauzungusha uma wake upande wetu.

"Nakijwa Mshana," inasema. "Mwaka wa pili, Mawasiliano ya Umma. Simama."

Nasimama. Sikuona ajabu yoyote. Nimeshafundishwa na watu wasiosikika kuanzia safu ya pili, kwa hiyo redio niliiona afadhali.

Redio inaeleza kwamba safari hii hakuna karatasi. Kila mwanafunzi atapeleka ujumbe mmoja kwa mtu mmoja, na mtu huyo lazima aitikie. Asiyeitikiwa atarudia mtihani, yaani atapata supu. Nyuma ya ukumbi kweli kuna sufuria kubwa inatokota, na kaka zetu wa mwaka wa tatu wanakunywa supu yao kimya kimya, wameinamisha vichwa.

"Ujumbe wangu ni upi?" nauliza.

"Nyoosha mikono. Yote miwili, unapokea kitu cha mkubwa."

Nanyoosha. Inaniwekea shikamoo. Ina uzito wa mtetea, ina joto, na inahema. Nilikuwa sijui kwamba shikamoo huwa inahema.

"Na mpokeaji?"

"Baba yako."

Mimi na baba hatujasemezana tangu nilipochagua kozi hii. Alikuwa ameshawatangazia watu wote wa kanisani kwetu, kule milimani Same, kwamba binti yake anakwenda kusomea uuguzi. Nilipomwambia ni mawasiliano, aliliweka jembe chini akauliza, "Kuongea nako kunasomewa?" Kisha akarudi kwenye tangawizi zake. Tangu siku hiyo salamu zake hupitia kwa mama, na zikinifikia huwa zimeshapoa. Inaniuma. Nasomea namna watu wanavyofikishiana maneno, na mtu niliyetaka anielewe kuliko wote ndiye nisiyemfikia.

"Nipe mpokeaji mwingine," naiambia redio. "Hata waziri."

"Waziri ni rahisi mno," inajibu, na ubao unafunguka kama mlango.

Naingia ubaoni. Ule mshale tunaouchora kila kipindi, kutoka kwa mtumaji kwenda kwa mpokeaji, kumbe ni njia ya miguu ya kupandia kwetu. Mwisho wake namwona baba ameinama kwenye matuta ya tangawizi, amevaa sweta lake la kijani, amenipa mgongo.

Katikati ya mshale amekaa bwana mmoja mnene kwenye kiti cha plastiki. Anatafuna karanga.

"Habari za kazi," namsalimu. "Samahani, wewe ni nani?"

"Bwana Kelele, kile kinachozuia ujumbe usifike. Unanichora kila wiki kwenye daftari lako. Tena unanichora kama radi, wakati mimi ni mtu wa kukaa tu."

"Naomba upishe."

"Siwezi. Nimeajiriwa kukaa katikati."

Anafungua kinywa atupie karanga, na humo kinywani inatoka sauti ya shangazi: "Mtoto wa Mshana kapelekwa mjini kusomea maneno." Anatafuna. Inatoka sauti ya mzee wa kanisa: "Si ulituambia nesi?" Anameza, na mara inatoka sauti yangu mwenyewe: "Baba akiwa na neno, atapiga." Sikupenda kuisikia.

"Baba," naita. "Shikamoo."

Maneno yanakwenda hadi kwenye tumbo la Bwana Kelele, yanadunda, yanaanguka chini. Baba hageuki. Shikamoo niliyoibeba inaanza kupoa mikononi mwangu, na pumzi zake zinapungua.

"Usinikasirikie," anasema Bwana Kelele. "Chako kinakwama kwangu, na chake kinakwama kwangu. Tazama wale."

Kando ya njia kuna benchi. Wameketi watu wafupi, wafupi sana, wamebanana, kila mmoja amevaa sweta la kijani na kushika kipande cha tangawizi mbichi. Wananitazama kwa haya kama wageni waliowahi kufika.

"Ni akina nani?"

"Bipu za baba yako."

Ni kweli kwamba kila Jumamosi jua likizama, Sabato ikiisha, simu yangu hulia mara moja kwa jina la baba, ikakatika. Tusekile, ninayelala naye chumba kimoja hosteli, alisema kisimu cha mzee kinajibonyeza mfukoni anapovua koti la kanisani. Nikaamini. Baba hajawahi kuwa mtu wa kubipu.

"Hamkujibonyeza?" nawauliza.

Aliye mwanzoni mwa benchi anasimama. Anafika magotini kwangu. "Tulibonyezwa na kidole gumba," anasema. "Kina udongo. Sisi hatujui kusema, dada. Tunabisha hodi mara moja tu. Tusipofunguliwa, tunakuja kukaa hapa."

"Lakini bipu maana yake ni nipigie. Kama alitaka nimpigie, si angesema?"

"Ndiyo alisema," anajibu yule mfupi.

Kutoka bondeni redio inakwaruza. "Kanuni ya kwanza, Nakijwa."

Naijua. Mtu hawezi kuacha kuwasiliana. Hata akinyamaza, anasema. Niliijibu kwenye mtihani nikapata alama zote. Haikunijia kabisa kwamba huko nyumbani kuna mtu anaitumia.

Nalia, nimesimama na shikamoo yangu. Yule mfupi ananipa tangawizi yake. Naiweka mikononi pamoja na shikamoo, na shikamoo inapiga chafya, inaanza tena kupata joto.

"Bwana Kelele hasukumwi," redio inasema. "Ujumbe ukikwama?"

"Unarudiwa."

"Basi unangoja nini?"

"Bwana Kelele, naomba upishe," nasema. "Shikamoo baba. Bwana Kelele, naomba upishe. Shikamoo baba."

Anasogeza kiti kidogo, ananung'unika. Narudia. Anasogea tena. Bipu zote zinashuka kwenye benchi na kunifuata nyuma, kila moja inabisha hodi yake moja, na zikibisha pamoja inakuwa hodi ya mtu mzima. Mwishowe Bwana Kelele anabeba kiti chake na karanga zake, anaketi pembeni ya njia.

"Siendi mbali," ananionya. "Niko hapa hapa."

Baba anageuka. Anafuta mikono kwenye sweta. Anafungua kinywa.

Nikaamka.

Kulikuwa kunakucha. Shavu langu lilikuwa juu ya simu. Jumamosi jioni ilikuwa imelia mara moja kama kawaida, nikalala nimeishika, jina la baba likiwa kwenye kioo. Nilijipangusa uso, nikasita. Vidole vyangu vilinukia tangawizi mbichi, na chumbani kwetu hamna tangawizi, kuna mkate na mafuta ya nywele ya Tusekile.

Simu ilikuwa ya moto, na kwenye kioo dakika za maongezi zilikuwa zinahesabika. Ndani yake jogoo aliwika, kwa mbali.

"Marahaba," simu ilisema.

Nilikaa kitandani. "Baba?"

"Nimeitikia mara ngapi, na wewe unarudia tu. Na huyo Kelele unayemwomba apishe ni nani?"

"Ni wa darasani, baba."

"Amepisha?"

Nilivinusa tena vidole vyangu. "Amepisha."

Nilisikia jembe likiwekwa chini, kisha kigoda kikivutwa.

"Basi sema," alisema baba. "Nimekaa."