Plymouth ya Baba Mkwe

Tuseme mapema asije akasingiziwa mwingine: mjinga wa Jumapili ile alikuwa Verlon.

Gari lenyewe, Plymouth ya mwaka hamsini na sita, halikuwa na kosa. Baba yake Ardith, mke wa Verlon, aliinunua dukani ikinukia upya. Siku za kazi ilibeba mbegu za mahindi. Jumapili ilikimbizwa kwenye uwanja wa ndege ambao jeshi liliutelekeza. Ilipinduka mara moja, ikabadilishwa injini mara tatu, ikapakwa rangi zote zilizouzwa Iowa, na mwisho ikamsindikiza mzee makaburini. Kiti akakirithi mkwe. Miaka kumi na moja sasa, na kila msimu Verlon hutolewa raundi ya kwanza.

"Ukitolewa leo, kiti changu," Ardith alimwambia asubuhi, akimpa mkate na soseji.

"Chako, mama. Niape?"

"Usiape. Endesha."

Katika mbio hizi za robo maili, kila dereva huandika kiooni, kwa rangi nyeupe ya viatu, sekunde atakazotumia. Mwenye gari la polepole hutangulia kuondoka, ili wote wawe na nafasi. Lakini ole wako ukimaliza kwa sekunde pungufu ya namba yako: hata ukifika wa kwanza, umeshindwa. Verlon alijaribu mara mbili, zote sekunde 13.20. Akaandika 13.15.

Hapo angetulia tu. Lakini foleni haisogei, jua linachoma, na mpinzani wake, Rollie Voss, ameegemea gari lake jipya anatafuna barafu.

"Babu, hilo gari au kabati la bibi?"

"Kabati hili utaliona mgongo, kijana!"

Verlon akapanda. Akashuka. Akapiga tairi teke, akapanda, akashuka tena. Mikono ilimwasha. Akafungua buti, akatoa tairi la akiba, jeki na sanduku la spana lililojaa vyuma tangu enzi za mzee, akavibwaga nyasini ili gari liwe jepesi. Akajisikia mwerevu kupita kiasi.

Taa ya kijani ilipowaka, Plymouth iliruka kama imemwagiwa maji ya moto. Akamwacha Rollie urefu wa gari zima, akapiga honi, akapungia jukwaa mkono. Ndipo akatazama ubao: 13.07. Taa ya ushindi ilikuwa upande wa Rollie.

Aliporudi, Ardith alikuwa amesimama njiani na kofia yake ya kuendeshea mkononi.

"Nimefika wa kwanza!" Verlon alifoka dirishani, hata hajazima injini. "Umati mzima umeona!"

"Umeandika ngapi?"

"Sasa hiyo nayo ni sheria? Mtu anafungwa kwa kuwahi? Nimezidisha haraka kidogo tu, Ardith, hata kupepesa kope hakufiki!"

Ardith akafungua mlango.

"Basi toka kwenye hicho kiti kwa haraka hiyohiyo."