Lori la Jumamosi

Angwenyi alilamba kidole, akafunua ukurasa, akalamba tena. Faili lilikuwa na kurasa mia moja na kumi na mbili, na Daktari Edinah Nyangau, aliyekuwa amesimama mbele ya dirisha la ofisi ya ajira ya chuo tangu saa mbili asubuhi, alishaanza kuuonea huruma ulimi wa karani yule.

"Madam, makaratasi ni mengi," Angwenyi alisema. "Lakini barua ya kuonyesha hii utafiti yako inasaidia mwananchi, iko wapi?"

"Ukurasa wa tisini. Ya kiwanda cha chai."

"Hiyo nimeona. Haina stampu."

"Nitaileta na stampu."

"Iwe ya duara. Na tunafunga leo saa kumi. Ukikosa, utangoja nafasi itangazwe tena."

Nafasi yenyewe ilikuwa ya mhadhiri wa kudumu, moja tu, na idara ya hesabu haikuwa imetangaziwa nafasi pale kwa miaka saba. Miaka hiyo yote Edinah alikuwa amefundisha kwa mkataba wa muhula mmoja mmoja, kama mpangaji anayeambiwa kila mwezi asizoee nyumba. Aliitaka kazi ile. Aliitaka waziwazi, bila kujidai mnyenyekevu.

Utafiti wake ulikuwa wa kutafuta kilicho kidogo kabisa: njia fupi kabisa, muda mfupi kabisa. Wanafunzi aliwaambia hivi: umekwama juu ya mlima wa Manga na ukungu umetanda, huoni hata mkono wako, nawe unataka kufika bondeni. Unapapasa kwa mguu upande unaoteremka, unapiga hatua, unapapasa tena. Hatari ni kutumbukia kwenye kishimo ukadhani umefika, kumbe mto uko nyuma ya tuta. Kwa miaka kumi na mmoja Edinah alikuwa akibuni mbinu za kumtoa mtu kwenye kishimo hicho. Majarida ya ng'ambo yalikuwa yamezichapisha mara sita. Hapa nyumbani zilikuwa zikiendesha malori ya kiwanda kimoja cha chai upande wa Nyamira, ili majani yaliyochumwa yasikae barabarani hadi yaungue. Majaribio yalikuwa na wiki sita, na madereva walikuwa wameacha kutukanwa.

Alipanda pikipiki ya boda mjini, akafika kiwandani saa nne na nusu. Ofisini kwa Ogeto, kijana aliyesimamia malori, palikuwa na harufu ya kitu kilichooza. Chanzo chake kilikuwa gunia, na kando ya gunia aliketi mama mmoja mnene mwenye leso yenye picha ya rozari kichwani.

"Daktari, karibu," Ogeto alisema. "Huyu ni Mama Celestine, mwenyekiti wa kituo cha kumi na nne cha kukusanyia chai. Amekuja na mzigo wako."

"Wangu?"

"Ni chai ya Jumamosi," Mama Celestine alisema kwa upole. "Tulingoja lori mpaka jioni. Jumamosi ya kabla ya hiyo, vilevile. Nikasema hii siitupi, aje aione mwenye hesabu."

Edinah alifungua kompyuta yake kwenye meza ya Ogeto. Jumatatu hadi Ijumaa lori lilipita kituo cha kumi na nne kama kawaida. Jumamosi halikupita huko, wala kwenye vituo vingine vinane vya upande ule. Alirudi nyuma ndani ya programu yake mstari kwa mstari, na mama yule akimtazama usoni.

"Kwani wewe, daktari, unasali wapi?"

"Kwa Wasabato. Kanisa lile la ng'ambo yenu."

Mama Celestine alianza kucheka. Alicheka hadi leso ikateremka shingoni. "Sasa nimeelewa. Nyinyi mko ndani mnaimba, mnafikiri dunia yote iko ndani inaimba. Mwanangu, sisi ni Wakatoliki. Jumamosi tunachuma, Jumapili ndiyo hatugusi."

Mstari ulikuwa pale, umeandikwa kwa mkono wake mwenyewe: Jumamosi, uzito sifuri. Hakuna takwimu iliyomwambia hivyo. Nyumbani kwao hakuna aliyewahi kuchuma jani Jumamosi, na yeye hakuwahi kulifikiria jambo hilo, kama vile mtu asivyofikiria kuwa maji huteremka. Miaka kumi na mmoja akiwatoa watu kwenye vishimo, na yeye amekaa kwenye chake. Aliona haya, kisha naye akacheka, kwa sababu yule mama alikuwa bado anacheka na haikuwezekana kumwacha acheke peke yake.

Kisha Edinah alieleza shida ya muhuri wa duara, na Ogeto akatoa barua. Ilikuwa imeandikwa vizuri, na chini ilikuwa na muhuri. Wa mraba.

"Ya duara iko ofisi yetu ya mjini, kwa karani wetu Jacinta," alisema. "Ijumaa anafunga saa saba. Ukitoka sasa hivi utampata. Hii ya Jumamosi utarekebisha wiki ijayo."

"Na kesho?"

Ogeto aligeuka kutazama malori. Mama Celestine alitazama gunia.

Uzito wa Jumamosi haukuwa kwenye kompyuta. Ilibidi kuwapigia simu wenyeviti wa vituo vyote tisa, wasome vitabu vyao vya mizani, kisha njia zikokotolewe upya na madereva wapewe karatasi kabla ya kuondoka kwenda kwao. Jua likishatua Sabato ingekuwa imeingia, na Edinah asingegusa kazi hadi kesho jioni. Alitazama saa. Ilikuwa saa tano.

"Mama, nipigie huyo wa kituo cha tisa," alisema. "Mwambie asome polepole."

Walimaliza saa nane na robo. Dereva mmoja aliisoma karatasi yake na kusema, "Hii sasa iko sawa. Hata mimi ningewaambia, ni vile hamkuniuliza." Edinah alimwomba aandike jina lake pembeni, ili siku nyingine aulizwe.

Saa kumi kasorobo alikuwa dirishani kwa Angwenyi. Karani aliinua barua, akaisogeza karibu na macho, akaishusha.

"Madam, hii ni ya mraba."

"Ni stampu ya kiwanda. Mpigie meneja simu, namba iko hapo juu."

"Mimi sipigi simu. Mimi naangalia stampu."

Edinah alihisi machozi yakipanda. Akayameza, yakateremka na kugeuka kitu kingine, kitu chenye kiburi kidogo. "Sawa. Niandikie basi sababu ya kukataa faili langu. Ni haki yangu."

Angwenyi, aliyependa kuandika, aliandika: Faili la Dkt. Edinah Nyangau limerudishwa kwa kuwa muhuri ni wa mraba. Akatia sahihi.

"Haina stampu," Edinah alisema.

Karani alivuta droo, akapuliza muhuri wake, akaugonga kwa nguvu zote. Duara safi, la buluu, halikukosa hata herufi. Edinah alimshukuru, na alimaanisha. Jumatatu angeibandika karatasi ile kwenye ubao wa matangazo wa idara ya hesabu, ambapo wakubwa wa chuo hupita wakienda kunywa chai.

Kesho yake alikuwa kanisani na mama yake, karatasi imekunjwa ndani ya Biblia. Katikati ya mahubiri, ng'ambo ya bonde, injini ya lori ilinguruma ikipanda kilima, ikapumua, ikazimika. Edinah alitazama saa kwa siri kupima kazi yake, jambo ambalo Sabato hailiruhusu. Saa nne na dakika arobaini na mbili.

"Unacheka nini?" mama yake alinong'ona.

"Limechelewa dakika mbili," Edinah alisema, akafungua kitabu cha nyimbo.