Sentimita Sitini

Mageti matano ya njia ya baiskeli niliyachomelea mimi, kwa mikono yangu hii. Nasema mapema ili asije mtu akanikumbusha baadaye. Nina karakana nyuma ya soko la mbao, nina mashine ya kuchomelea, nina grainda mbili na jina zuri mjini. Chuma nikikiunga mimi hakibanduki. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yangu, na ndiyo ikawa balaa.

Kazi nililetewa na afisa wa utalii, mtu ambaye sote tunamwita Bwana Mandhari kwa sababu hamalizi sentensi bila neno hilo. Alikunjua mchoro juu ya meza yangu, akaugandamiza na nyundo yangu bila kuniomba. Ile barabara ya zamani ya machimbo ya mawe, alisema, inageuzwa kuwa njia ya waendesha baiskeli. Kilomita kumi na nne za changarawe, mashamba kushoto, milima kulia, na gari hata moja halitaruhusiwa. Wageni watakuja kutoka mbali kufurahia mandhari.

"Kila geti liwe na uwazi wa sentimita sitini," alisema. "Baiskeli ipite, gari na pikipiki zikwame."

"Sitini kapima nani?"

"Nimepima mwenyewe. Kwa baiskeli yangu."

Baiskeli yake naijua. Imekonda, haina keria wala kengele, na kila wikendi huipandisha juu ya gari ili aipeleke mahali pa kuiendesha. Ningecheka pale pale na kumrudishia karatasi yake, leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini nilikwisha kuona mabomba mazuri na maungio ya kujivunia. Nilifikiria kutu, nilifikiria zege, nilifikiria rangi. Kaka yangu sikumfikiria hata dakika moja.

Kaka yangu mkubwa amepeleka maziwa kwa baiskeli katika njia ile ile kwa miaka kumi na tisa. Madumu mawili ya lita ishirini ishirini, moja kila upande wa keria. Kutoka dumu hadi dumu ni sentimita themanini na nane. Nilizipima baadaye, wakati kupima hakukuwa na faida tena.

Hayuko peke yake. Wabeba maziwa wako saba, na wana desturi yao. Kila Jumamosi, wakirudi na madumu matupu, kila mmoja hujaza mfuko wa kokoto mtoni, akaupakia, na shimo la kwanza atakalokutana nalo hulimwagia, akalikanyaga, akaenda zake. Hakuna aliyewatuma. Tangu machimbo yafungwe hakuna greda lililopita huko, na njia ni nyororo kwa sababu ya mifuko hiyo tu. Sasa nenda kasome kibao walichokisimika mwanzoni: KARIBU UFURAHIE CHANGARAWE YA ASILI. Asili ya nani? Asili hiyo ni mgongo wa kaka yangu!

Chini yake wakapigilia kibao kingine, kidogo: baiskeli za mizigo haziruhusiwi.

Asubuhi ya kwanza kaka alifika kwenye geti la kwanza akasimama. Akafungua kamba, akashusha madumu, akayavusha moja moja, akavusha baiskeli, akafunga upya. Mageti matano, mara tano. Kituo cha kukusanyia maziwa hufungwa saa tatu kamili, na ukirudishwa mara tatu unafutwa, nafasi yako anapewa mwingine. Alifika saa tatu na dakika kumi na mbili. Mpimaji hakufungua hata kifuniko. Siku ya pili alijaribu kuwahi, akapunguza dakika saba. Zilizobaki angezitoa wapi? Ng'ombe hakamuliwi kwa barua ya ofisi.

Wifi yangu, mke wa kaka, ndiye anayekamua. Alikuja karakana na dumu lililorudishwa, akalitua juu ya meza palepale ulipokuwa mchoro.

"Kunywa, wifi," aliniambia. "Jasho lako hilo."

"Wifi, mimi nilipewa vipimo tu."

"Na macho ulipewa na nani?"

Mchuma janga hula na wa kwao, na mimi janga nililichuma na kulipaka rangi ya kijani. Nikachota kikombe, nikanywa, akanitazama mpaka nikamaliza.

Siku ya tatu kaka alipita barabara kuu, kwenye malori. Lori la mchanga lilimpita likiwa limemkaribia mno, na upepo wake ukamtupa mtaroni. Mfupa wa mtulinga ukapata ufa. Dumu moja lilimwagika, na la pili, haki ya Mungu, alilibeba kwa mkono mmoja mpaka kituoni akafika kabla ya saa tatu. Mpimaji naye ana moyo. Alimpa wiki mbili za ugonjwa: Jumamosi ya pili maziwa yasipofika kwa wakati, itahesabiwa ni mara ya tatu.

Kwa hiyo ndivyo mambo yalivyopangwa. Wageni walitengewa njia isiyo na magari, na kaka yangu akatengewa magari. Nilipolifikiria hilo nilivua miwani ya kuchomelea nikaenda ofisini na nguo zangu za masizi.

Bwana Mandhari alikuwa anachagua picha za kipeperushi. Nilimweleza yote. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayesubiri mvua ipite.

"Pole sana kwa kaka yako," alisema. "Lakini ile ni njia ya mapumziko. Mizigo inaharibu mandhari."

"Njia yenyewe wameitengeneza wao!"

"Njia imetengenezwa na ofisi. Uzinduzi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Baada ya hapo andika barua. Na wewe umealikwa, utapewa cheti cha shukrani."

Cheti! Nimewahi kuunguzwa na cheche za moto shingoni nikaendelea na kazi, lakini neno lile lilinichoma mpaka nyumbani.

Mvua ikaanza, siku tano mfululizo. Wabeba maziwa wote walikuwa wamehamia barabara kuu kwa roho mkononi, kwa hiyo Jumamosi ile hapakuwa na mfuko hata mmoja wa kokoto. Changarawe ya asili ikaonyesha asili yake. Maji yalichimba mashimo ya kufika magotini, na pale kwenye benchi waliloliweka ili wageni watazame milima, njia ilikatika nusu. Ofisi ikaagiza lori la kokoto. Lori likafika kwenye geti la kwanza likakwama, kama lilivyokusudiwa. Likamwaga mzigo wote hapo. Wakaleta matoroli. Toroli ni sentimita sitini na tano.

Alhamisi mchana Bwana Mandhari alikuwa mlangoni kwangu, viatu vimejaa tope, hana mandhari hata moja mdomoni.

"Dada fundi, nisaidie. Tanua yale mageti yafike sabini. Toroli lipite."

"Sabini hapana. Nitatanua kwa kipimo changu."

"Kipimo gani?"

"Utakiona."

Nilimpeleka nyumbani kwa kaka. Kaka alikuwa ameketi kizingitini, mkono umefungwa shingoni, na baiskeli imeegeshwa ukutani, mnyororo umeanza kushika kutu. Wifi alifunga madumu mawili kwenye keria. Nikavuta tepu mbele ya afisa, nikamwambia asome mwenyewe, kwa sauti.

"Themanini na nane," alisoma.

"Weka mita moja, mtu apumue. Na kile kibao chako cha mizigo kinang'olewa leo."

"Hilo la kibao tulizungumze baada ya uzinduzi."

"Basi kokoto zako zibebe kwa mfuko wa shati."

Kaka alikuwa ananitazama kwa aibu. Yeye hajawahi kumpandishia mtu sauti, hata lile lori. Lakini afisa alizifikiria kokoto zake zilizokwama getini, akazihesabu siku mbili zilizobaki, akakubali. Kibao alikishikilia mwenyewe huku mimi nikikata misumari yake.

Ijumaa nilikata kazi yangu mwenyewe kwa grainda, maungio ambayo niliapa hayatabanduka. Niliyakata mageti yote matano, nikayaunga upya kwa mita moja, na nikaona uchungu, sitasema uongo; nyuma yangu matoroli yakapita kuziba mashimo makubwa. Jioni nikamwambia wifi akamue kama kawaida, kesho mzigo nabeba mimi.

"Wewe?" alicheka kwa mara ya kwanza tangu lile dumu. "Utamwaga yote, wifi."

Baiskeli naijua tangu utoto, ila lita arobaini sikuwahi kuzibeba. Kwenye mteremko zinakusukuma, kwenye mlima zinakuvuta. Kaka alikuwa amenifundisha saa yake: jua likigusa bega la pili la mlima, ni saa mbili, na uwe umevuka geti la tatu. Nilipita la kwanza, likaacha vidole vitatu kila upande. Nikapita la pili. Jua lilipogusa bega nilikuwa ndiyo navuka la tatu, mapaja yananiwaka.

Kwenye geti la nne palikuwa na utepe. Uzinduzi. Wageni wamesimama na kofia zao za plastiki, mpiga picha amepiga magoti, Bwana Mandhari ana mkasi mkononi. Akaniona, akainua mkono nisimame nje ya picha.

"Maziwa!" nilipiga kelele. "Pisheni, maziwa!"

Wakapisha. Utepe niliukata kwa kifua. Nilisikia mgeni mmoja akipiga makofi, nadhani alidhani ni sehemu ya sherehe. Sikugeuka. Cheti changu nadhani bado kiko mezani kwao.

Saa tatu kasoro dakika nane mpimaji alichovya kipimo chake, akatikisa kichwa kukubali, akaandika jina la kaka yangu. Nilikaa chini kwenye saruji nikalia. Si kwa furaha peke yake. Nililia kwa sababu kitu hicho kidogo, mtu kufika kazini kwake kama miaka yote, kilihitaji vita.

Nilirudi na madumu matupu yakigongana. Kaka alikuwa amekuja mpaka geti la kwanza kwa miguu kunisubiri. Nikamwambia yamepokelewa. Akafumba macho kidogo, akayafumbua, akatazama keria.

"Mfuko uko wapi, mdogo wangu?"

"Mfuko gani?"

"Leo Jumamosi."

Nilitaka kumrushia pampu ya baiskeli. "Baada ya yote waliyokufanyia? Waache wabebe wenyewe!"

"Jumatatu ni sisi tunaopita hapa," alisema, "si wao."

Nikageuza baiskeli. Nikashuka mtoni, nikajaza mfuko, nikapanda nao, huku namtukana Bwana Mandhari njia nzima kwa majina ambayo mama yetu asingeyaruhusu nyumbani. Shimo la kwanza nililolikuta lilikuwa chini kabisa ya kibao cha changarawe ya asili. Nikamwaga humo, nikaanza kukanyaga, na kaka akaja na mguu wake tukakanyaga pamoja.