Bei ya Mtukufu

Huko Kadiria, nchi ya milima ya kijani na mito isiyokauka, kila mtu alikuwa na bei yake, na bei zote zilihesabiwa kwa mbuzi; penye hatari, kanuni ilikuwa atangulie mwenye bei ndogo. Mkazi wa kawaida alikuwa mbuzi watatu, mwenye kikohozi wawili, na Mtukufu Tukuzwa, aliyezipanga bei hizo akiwa ameshiba vizuri, alikuwa mbuzi wote wa nchi pamoja na watakaozaliwa.

Mwalimu Siwazuri alifundisha uchumi wa mwaka wa kwanza katika chuo kilichokuwa ng'ambo ya mto, na kila asubuhi roho ilikuwa mkononi akiwatazama wanafunzi wake wakivuka daraja bovu la kamba. Tangu mto ulipomchukua Mashavu, binti mcheshi wa kiti cha mbele, usingizi ulimpaa. Alikwenda kuomba daraja jipya. Waziri Kokotoa akamjibu kwa upole, "Daraja ni mbuzi mia tatu, Mwalimu. Mashavu ni watatu. Wakianguka wengine tisini na tisa, hesabu itatimia." Siwazuri alirudi akilia kwa hasira.

Basi akamwalika Mtukufu chuoni, aje asikie somo juu ya bei yake. Mtukufu, ambaye hajawahi kukataa kusifiwa, alivuka akipunga mkono, wanafunzi wamejipanga ukingoni kumpokea. Alipokanyaga tu nchi kavu, kamba moja ikakatika, daraja likabaki likining'inia upande.

"Jengeni jipya leo hii!" akamfokea Waziri aliyebaki upande wa pili. "Bei yangu mnaijua!"

"Tunaijua, Mtukufu," Waziri akapaza sauti, "ila kitu kikiwa tele hushuka bei. Wanaotaka kazi yako wamejaa hapa, na hawadai hata mbuzi mmoja." Akakohoa kidogo. "Mimi mwenyewe nimo."

Wanafunzi wakaangua kicheko, na Siwazuri akacheka nao mpaka mbavu zikamuuma. Kisha mwanafunzi mmoja, Mwanaidi, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, lazima mtu ajaribu daraja kama bado linabeba. Kwa kanuni ya nchi, si hutangulia mwenye bei ndogo kuliko wote?"

Kicheko kikakatika. Macho yote yakamgeukia Mtukufu.

"Mwalimu," akasema Mtukufu, joho limelowa jasho, "wafundishe kitu kingine."

Siwazuri alimtazama, akalitazama daraja, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ya ualimu akatamani kengele ya kumaliza kipindi ilie. Haikulia.